Ile Nyeusi Haina Adabu

Mzee Zebedayo Mwaipaja hakuwa mtu wa kudanganywa na chombo chochote chenye mshale au namba, na hilo alilisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Zamani ushirika ukiwa hai alikuwa mpima mizani wa ghala la mpunga kule Bujonde. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao za kuning'iniza, ushirika ukalala chali, ghala likageuzwa banda la video, na Mzee akarudi kwake Lyulilo, ufukweni, akakaa barazani kuisema dunia. Redio za siku hizi zinaimba mwezi mmoja, wa pili zinakoroma. Betri zinatoka dukani zikiwa zimeshachoka. "Soko huria," alikuwa akisema, "maana yake kila mtu yuko huru kukuibia." Kisha alikuwa akiagiza chai.

Basi ukaja mradi wa kuunda vikosi vya uokoaji, kimoja cha ziwani hapo Lyulilo na viwili vya mafuriko, Bujonde na Ngana. Ikatakiwa kamati ya kuchagua mashine za GPS, zile ndogo za kushika mkononi zinazosoma setilaiti na kukuambia ulipo na unakokwenda. Mradi ulitaka aina moja tu kwa vikosi vyote, ili anayejifunza moja awe amejifunza zote. Kamati ilipata mwenyekiti kabla ya kupata wajumbe. Mzee Zebedayo alifika kikao cha kwanza na koti lake la ushirika, kalamu mbili mfukoni, akaketi kwenye kiti cha mbele bila kuelekezwa na mtu.

Tusimsingizie lakini. Jambo hilo lilikuwa likimuuma kweli. Mdogo wake alichukuliwa na mwera, upepo ule wa kusini unaolivuruga ziwa, na watu wakashinda wakimtafuta kwenye maji ambayo siyo aliyozama. Walipata kasia tu. Sasa mwanawe wa pekee, Godlove, alikuwa anavuka ziwa kwenda Karonga, upande wa Malawi, na kurudi na vitenge na sabuni, na kila mwera ulipovuma Mzee alikuwa hali chakula. Alitaka mashine isiyokosea. Aliitaka kwa moyo wake wote, na ndiyo maana yaliyofuata yanakera.

Msimamizi wa mradi alikuwa Bi Nancy, afisa maendeleo ya jamii, mzaliwa wa Bukoba, mgeni kabisa wilayani Kyela. Siku hiyo ya kwanza aliuliza swali ambalo mwenyeji asingeliuliza: je, kuna mila yoyote hapa inayoweza kuzuia uokoaji? Kwa mfano, mtu asiyeruhusiwa kumgusa mtu fulani?

Wajumbe wakatazama miguu yao. Kila mmoja pale alijua kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani. Mwanamke akisikia sauti ya mkwewe anaiacha njia, anajifunika kichwa na kuchuchumaa majanini mpaka mzee apite, na jina la mzee huyo halitoki kinywani mwake hata umchape. Mzee naye akimwona, anageuka. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima tu, na wengine wanaishi nayo mpaka kuzikana.

"Mama," Mzee Zebedayo akajibu, akinyoosha kola ya koti, "hayo tuliwaachia babu zetu. Sisi ni Wakristo, na tena tumesoma. Kyela ya leo ni ya setilaiti."

Bi Nancy akaridhika. Yohana, fundi cherehani mstaafu aliyekuwa mjumbe, akakohoa, lakini Yohana alikuwa anakohoa kila siku kwa sababu ya tumbaku, kwa hiyo hakuna aliyejua kama safari hii alimaanisha kitu.

Mashine zililetwa na mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, Ambrose, kijana wa kutabasamu hata anapopangusa jasho. Zilikuwa aina mbili. Moja ya njano, nyepesi, maandishi makubwa, na ukiitupa majini inaelea. Nyingine nyeusi, nzito, yenye antena nene mfano wa kidole gumba na maandishi ya kusomwa kwa miwani. Mzee Zebedayo alizipima moja moja mkononi, macho kayafumba, kama alivyozoea kupima debe la mpunga kabla ya kulipandisha kwenye mizani. Ya njano aliirudisha haraka. Nyeusi alikaa nayo. Moyoni alikuwa ameshachagua, ila taratibu zilitaka majaribio, na yeye alikuwa mtu wa taratibu.

Majaribio yakafanyika Bujonde, kwenye mashamba ya kakao. Mtu mmoja anakwenda kujificha, Ambrose anaandika mahali pake ndani ya mashine, kisha kamati inamtafuta.

Asubuhi ikawa zamu ya ile ya njano, na wa kujificha alikuwa Yohana. Mashine ilikaa ikitafuta setilaiti mpaka watu wakamaliza chai. Ilipozipata ikawapitisha kwenye kingo za majaruba ya mpunga hadi kwenye shina la mgomba, ikalia kwamba imefika. Hapakuwa na mtu. Wakazunguka, wakainama, wakaangaliana. Halafu ng'ambo ya mtaro, mbali kiasi cha kumpigia mtu kelele, kikasikika kikohozi. Kikohozi cha Yohana kinajulikana mpaka Matema. Wakakifuata, wakamkuta amekalia njia ya siafu, anajikuna na kulaani.

"Imempata," akasema Godwin, mwendesha boti, na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbusha habari ya kikohozi. Makofi yakishapigwa ni kazi kuyarudisha.

Mchana ikawa zamu ya nyeusi. Yohana akakataa katakata kurudi porini, siafu walimtosha. Bi Nancy akaenda kwa akina mama waliokuwa wakiipikia kamati wali, akaomba mmoja mwenye miguu myepesi. Wakamsukuma mbele Tusekile. Tusekile alikuwa mke wa Godlove, lakini hilo Bi Nancy angelijuaje? Tusekile mwenyewe aliuliza kitu kimoja tu: nani atashika mashine? Akaambiwa ni Godwin, wa kwanza msafarani, na kamati itamfuata kwa mbali. Wakati linasemwa, lilikuwa kweli. Tusekile akafunga kitenge vizuri akaenda.

Ila mwenyekiti, ambaye hakujua aliyekwenda kujificha ni nani, hakuweza kuvumilia. Alimwona Godwin anatangulia na ile nyeusi, yeye mtu mzima anakula vumbi nyuma pamoja na wajumbe wa kawaida, na zaidi ni mashine aliyoipenda. "Lete hapa," akasema. "Mwenyekiti ndiye anayejaribu." Akawaamuru wote wabaki walipo, eti wasije wakaivuruga setilaiti, akaingia kwenye kakao peke yake.

Tuseme ukweli, alifurahi mle ndani. Mashine haikubabaika. Mita zilikuwa zinashuka kwenye kioo, akipinda nayo inamrudisha, akinyooka inatulia. Hajawahi kushika mizani ya haki namna ile. Akawa anawaza, hii ingempata mdogo wangu, hii ingempata akiwa bado anapumua. Hapo ikalia. Akainua macho.

Nyuma ya shina la mkakao kilionekana kisigino, na juu ya kisigino pindo la kitenge cha kijani chenye samaki weupe. Kitenge hicho alikinunua mwenyewe, akamkabidhi mkewe akipeleke kwa bibi harusi wa Godlove.

Mzee Zebedayo aligeuka kabla hajajua kuwa anageuka. Upande wa pili, Tusekile alikuwa ameshausikia mguno wake, akajivuta kitenge kichwani na kuinama mpaka paji la uso likagusa majani makavu. Wakawa hivyo, watu wazima wawili, wamepeana migongo, na katikati yao mashine inalia kwamba imefika, imefika, imefika. Mzee akaibana kwapani. Ikaendelea kulia humo humo kwapani.

Ilimpasa kusema maneno machache tu: nimemkuta, ni mkwe wangu, nendeni mkamchukue. Lakini angeyasema vipi mbele ya Bi Nancy, baada ya Kyela ya setilaiti? Akawaona watacheka mwaka mzima. Akatoka kwenye kakao na uso mkavu, akamrudishia Ambrose mali yake.

"Hakuna mtu," akasema. "Inalialia tu."

Ambrose akataka kwenda kuangalia mwenyewe. Mzee akamzibia njia. "Unataka kusema mimi sina macho?" Ambrose alikuwa mfanyabiashara, na mashine zote mbili zilikuwa zake. Akatabasamu, akafunga begi.

Tusekile alitokea kwa nyuma, akarudi jikoni. Bi Nancy alipomuuliza kama walimkuta, alijibu kwamba hakuna aliyemwona uso, na kwa hesabu yake hakudanganya. Kura zikapigwa wali ukiwa mezani. Ya njano ikashinda. Mradi ukanunua moja kwanza, ya kikosi cha Lyulilo, na za Bujonde na Ngana zikasubiri ionekane kazi yake. Mzee Zebedayo akaipokea shingo upande, akaipeleka nyumbani kwake kuitunza. Njia nzima alijiambia kwamba hata hivyo inaelea.

Ukaja msimu wa mwera.

Siku hiyo Tusekile alikwenda Ikombe kununua vyungu vya kuuza Lyulilo. Wakati wa kurudi upepo ukaukamata mtumbwi ubavuni na kuupindua. Mpiga kasia aliogelea mpaka ufukweni, akafika alasiri hana pumzi, akasema mwanamke ameshikilia mtumbwi, karibu na nyavu za Godwin. Godlove alikuwa Karonga. Nyavu za Godwin zilikuwa zimeandikwa ndani ya mashine ya njano wakati wa kujifunza, kwa hiyo watu wakashukuru Mungu.

Godwin akawasha boti. Yohana akapanda. Mzee Zebedayo akaja mbio, mashine mkononi, viatu kashika.

"Mzee," Godwin akasema kwa upole, maana alijua aliye majini ni mke wa nani, "si ungeniachia hiyo mashine, wewe ubaki?"

"Anashika mwenyekiti," akajibu. Safari hii haukuwa ubwana. Alijua kwamba akibaki ufukweni atakufa yeye.

Wakatoka. Mashine ikatafuta setilaiti. Wakapigwa na mawimbi, yenyewe ikawa inatafuta. Ilipokubali, ikawapeleka moja kwa moja mpaka kwenye maji matupu, ikalia kwamba imefika. Hapakuwa na nyavu, hapakuwa na mtumbwi, hata mti unaoelea. Wakazunguka, ikalia tena. Mzee Zebedayo akatazama yale maji na kuyatambua, ingawa maji hayana alama. Yalikuwa maji yale yale waliyomtafutia mdogo wake, maji ya watu wanaotafuta pasipo mtu. Na safari hii aliyewaleta hapo alikuwa yeye.

Yohana ndiye aliyeuona mtumbwi, mbali, upande wa Matema, mgongo juu. Wakaukimbilia. Vyungu viwili vilikuwa vinaelea kando yake. Godwin akazima injini ya boti, wakauzunguka mtumbwi polepole. Hakuna mtu.

"Amekwenda," Godwin akasema, akavua kofia.

Yohana akakohoa, akafuta macho. Hapo Mzee Zebedayo, aliyekaa mbele kabisa ya boti, akaona vidole. Vidole vinne juu ya uti wa mtumbwi, vyeupe kwa baridi. Boti ilivyozunguka navyo vikazunguka, vikateleza kwenda upande wa pili. Nyuma yake pindo la kijani likapita chini ya maji na samaki wake weupe.

Akaelewa. Alikuwa anajificha. Mwanamke amechoka, meno yanagongana, waokoaji wako karibu anawasikia, na bado anauzunguka mtumbwi asionekane na mkwewe. Angeendelea kuzunguka mpaka vidole viachie, wala asingesema neno. Mzee machozi yakamtoka waziwazi. Akageuka akaupa mtumbwi mgongo, akatazama upande wa Malawi, akajifunika koti la ushirika kichwani.

"Godwin," akasema toka ndani ya koti. "Yuko nyuma ya mtumbwi. Mtoeni. Mwambieni mimi siangalii."

Wakamtoa. Wakarudi hivyo hivyo, Tusekile nyuma ya boti anatazama walikotoka, mkwewe mbele anatazama wanakokwenda, Godwin na Yohana katikati. Yohana alikohoa njia nzima kwa furaha.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa. "Mzee, ulijuaje?" Godwin akamuuliza mbele ya wote. "Sisi hatukumwona."

Mzee Zebedayo alikuwa bado ameshika ile ya njano. "Mashine," akasema. Neno lilimtoka lenyewe, na lilipotoka lilipokelewa kwa vigelegele.

Basi ikawa sifa. Mashine ikaombewa kanisani. Watu wa Matema walikuja kuiona, wengine wakaigusa. Bi Nancy akaitisha kikao cha kuagiza nyingine za njano kwa ajili ya Bujonde na Ngana, kwa sababu masika yalikuwa yanakaribia na kule mafuriko hayabishi hodi. Mwenyekiti akatakiwa atoe ushuhuda.

Asubuhi ya kikao mkewe, Elizabeth, alirudi kutoka kwa mkwe wao na bakuli tupu la uji.

"Baba Godlove," akasema, "anasema ndaga fijo, asante sana, kwa kumwokoa."

"Mwambie aishukuru mashine."

"Anasema mashine anaijua kwa mlio." Elizabeth akaweka bakuli chini, akaketi. "Kule kwenye kakao ililia mpaka akaziba masikio. Ziwani hakusikia mlio wowote, alisikia Yohana anakohoa. Sasa anauliza, zinazokwenda Ngana ni zile zinazolia ukiwa umefika, au zile zinazolia popote? Mama yake na wadogo zake wako Ngana, bondeni."

Mzee akamgeukia mkewe. "Kumbe mnajua tangu siku ile."

"Tangu siku ile. Nani alimpa maji alipotoka porini?"

"Na mkanyamaza."

"Yeye angesemaje, wakati jina lako hawezi kulitaja? Mimi nilidhani utasema mwenyewe."

Kikaoni alisimama, koti halikumkaa sawa. Akaeleza yote, ya kakao, ya kitenge, ya kwapani, ya vidole. Alitarajia watacheka. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma zaidi. Bi Nancy alikuwa amefungua mdomo hajui aufungie wapi.

Yohana akaomba kuelewa vizuri. "Yaani ile nyeusi ilikupeleka mpaka kwa mkwe?"

"Mpaka kwa mkwe."

"Haikusimama hata mbali kidogo?"

"Haikusimama."

Yohana akatikisa kichwa. "Basi mimi naona ile nyeusi haina adabu. Hii ya njano inakufikisha jirani, halafu inakuachia mwenyewe uangalie kama inafaa kuendelea."

Wajumbe wakaitikia kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine. Godwin akasema hilo ni neno. Ikaonekana kabisa kwamba ya njano itashinda tena, mara hii kwa heshima.

"Sikilizeni," Mzee Zebedayo akasema. "Hiyo yenye adabu ilinipeleka kwenye maji ya mdogo wangu. Mimi nataka isiyo na adabu. Na Ngana wapelekewe isiyo na adabu. Nikikosa kura, naacha uenyekiti hapa hapa."

Akapata kura, kwa huruma zaidi kuliko hoja. Likabaki swali la nani ataishika hapo Lyulilo. Godwin ana wake wa wanawe wawili ufukweni. Yohana ana zaidi. Wakapita jina kwa jina, na kila jina lilikuwa na mkwe wa kumkwepa mahali fulani, mpaka chai ikapoa na ikawa kama pwani nzima ni baba mkwe mmoja mkubwa.

"Na mwanamke?" akauliza Bi Nancy. "Tusekile kwa mfano. Yeye anawakwepa wangapi?"

"Mmoja," Godwin akajibu. "Na ndugu wa kiume wa huyo mmoja."

"Mzee Zebedayo ana ndugu wa kiume?"

"Alikuwepo," Mzee akasema. "Alichukuliwa na mwera."

Kwa hiyo ikawa hivyo. Pwani yote ile, Tusekile aliweza kumwokoa mtu yeyote isipokuwa mmoja. Mashine nyeusi ilipofika, mwenyekiti aliipima mkononi mara ya mwisho, akaiweka juu ya kigoda uani, akageuka kutazama ukuta. Akasikia hatua nyepesi zinakuja, zinaondoka. Alipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu.

Tangu hapo akawa mtu wa nchi kavu. Harusi ya Ikombe aliikwepa, msiba wa ng'ambo akatuma rambirambi. Lakini siku moja mwera ulianza, naye alikuwa na safari ya lazima ya kwenda Karonga kwa Godlove aliyekuwa anaumwa. Akafunga mzigo, akaufungua, akaufunga tena. Mwishoni akamwita mkewe, akijifanya anatafuta kofia.

"Hebu niulizie kitu kule kwa yule," akasema, anatazama pembeni. "Muulize, mimi nikizama, atakuja?"

Elizabeth akaenda. Hakukawia kurudi, na alikuwa ameshika kofia iliyokuwa ikitafutwa.

"Anasema atakuja," akamwambia, akimvika. "Ila akukute umegeuka."